Wajihi wa Saa ya Mkono na Hesabu ya Majira ya Pwani

Saa ya mkono ina mwili na ina wajihi. Mwili ni mashine, yaani yale magurudumu yenye meno, ule utepe wa chuma ujikunjao na kujikunjua, na lile gurudumu la mizani liendalo huku na huku bila kuchoka. Wajihi ni sahani nyembamba yenye tarakimu au alama, pamoja na akrabu zipitazo juu yake na kioo kifunikacho vyote. Mashine ndiyo ipimayo wakati, lakini wajihi ndio usemao na mwenye saa, na aghalabu mtu huipenda saa au huichukia kwa ajili ya sahani yake, ilhali mashine hajapata kuiona hata siku moja. Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba katika miaka ya karibuni watu wengi duniani, wasio mafundi wala wana wa mafundi, wamejifunza kuifungua saa nyumbani, kuing'oa sahani iliyotoka nayo kiwandani na kuitia nyingine waipendayo. Ninalokusudia kulichungua hapa ni jambo hili kama linavyotuhusu sisi wa Tanga na mwambao wa kaskazini, tokea Moa na Jasini hadi Pangani: linawezekanaje, lina haja gani, lina hatari gani, na katika mabadiliko yote yawezekanayo ni lipi litufaalo zaidi. Rai yangu sitaificha hadi mwisho. Badiliko litufaalo kuliko yote ni lile liufanyao uso wa saa useme majira kama tuyasemavyo sisi wenyewe, nalo ni jepesi kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza tuwataje wenye sanaa. Katika barabara za Ngamiani, zile ziitwazo kwa namba badala ya majina, na pembezoni mwa masoko, fundi saa ni mtu wa tangu na tangu. Meza yake ni ndogo, ina kisanduku cha kioo cha kuzuia vumbi na upepo, na chini ya kioo hicho zimelala saa zilizokwisha kufa ambazo viungo vyake vitazihuisha nyingine. Jicho moja amelibana na kioo cha kukuzia, mkononi ana kibano chenye ncha nyembamba, na bisibisi zake zimepangwa kwa unene mbele yake. Mteja humwamkia shikamoo, humkabidhi saa na kumwambia, "Mzee wangu, uso umeharibika lakini mashine nzima." Fundi huitazama, hupekua makopo yake, akapata sahani ya saa ya jinsi ile ile iliyokufa mashine, na kabla ya adhuhuri saa mbili mbovu zimetoa moja iliyo nzima. Jambo hilo ndilo lilelile ambalo leo wapenda saa wa Tokyo, London na Manila hulifanya mezani kwao kwa jina la pambo. Tafauti ni kwamba fundi wetu amelifanya siku zote kwa dharura, na wao hulifanya kwa hiari.

Na dharura haikosekani mwambaoni. Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima, kaskazi ivumapo na kusi ivumapo, na jasho la mvaaji huongeza chumvi juu ya chumvi. Maji hayahitaji tundu kubwa: hupenya penye kifundo cha pembeni, pale ambapo kipete cha mpira kimekauka na kupasuka, au chini ya kifuniko cha nyuma kilichofungwa bila mpira wake kupakwa mafuta. Sahani, ambayo kwa kawaida ni bamba jembamba la shaba lililotiwa rangi na kufunikwa vanishi, huanza kuota madoa. Vanishi huvimba na kubanduka. Ile rangi ing'aayo gizani hunywa unyevu na kugeuka nyeusi. Na akrabu huliwa hasa penye tundu lake la katikati, ambapo shaba hufanya ukungu wa kijani. Mvuvi wa Mwambani au wa Kigombe avaaye saa yake ngalawani hashangai akiiona imezeeka uso kabla ya mashine, kwa kuwa mashine imejificha chini ya sahani na imetiwa mafuta, ilhali uso hauna sitara ila kioo. Kwa watu wa hapa, basi, kujua kubadili sahani si anasa tupu; ni elimu yenye kuokoa chombo ambacho moyo wake ungali ukipiga.

Walakini si kila saa hukubali mkono wa asiye fundi, na iliyoufungua mlango huu ni saa ya Kijapani. Mwaka 1963 kampuni ya Seiko ilitoa saa iitwayo Seiko 5, yenye kujijaza kwa mwendo wa mkono wa mvaaji, kuonyesha siku na tarehe katika dirisha moja, na kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa mshahara mdogo aliweza kuifikia, ikaenea Asia, Uarabuni na Afrika. Mnamo 1996 ikafuata mashine iitwayo 7S26, na pamoja nayo saa ya wapiga mbizi SKX007, iliyoendelea kutengenezwa hadi 2019. Mashine za jamii hiyo, pamoja na NH35 ambayo huuzwa kwa watengenezaji wengine wowote waitakao, zimehifadhi vipimo vile vile vya vijiti vishikavyo akrabu: tundu la akrabu ya saa ni milimita 1.5, la dakika 0.9, na la nukta, yaani sekunde, ni 0.2; na sahani iliyozoeleka katika saa hizo ina upana wa milimita 28.5. Kwa kuwa vipimo havikubadilika miaka nenda miaka rudi, warsha ndogondogo za mbali ziliweza kutengeneza sahani na akrabu za kila rangi na kila umbo, zikiwa na yakini kwamba zitaingia. Ustahimilivu huo wa kipimo kimoja ndio uliozaa sanaa nzima. Saa za betri zenye kijiwe cha kwatzi, ambazo zilianza na Seiko Astron tarehe 25 Desemba 1969, na ambazo leo hesabu yake kwa kawaida hutoka katika kijiwe kitikisikacho mara 32,768 kwa sekunde, nazo zina sahani na akrabu, lakini kila kiwanda kilijichagulia vipimo vyake, na mwenye kuanza hana sababu ya kujitia katika msitu huo.

Kuna tahadhari moja ambayo muuzaji aghalabu haisemi. Nyuma ya sahani kuna miguu miwili midogo iingiayo katika matundu ya mashine, na mahali pa miguu hiyo hutegemea mahali kilipo kifundo: saa ambayo kifundo chake kiko sawia na tarakimu ya 3 haipokei sahani iliyotengenezewa saa ambayo kifundo chake kimeshuka karibu na 4, kama ile SKX007. Asiyelijua hili huagiza sahani nzuri, huisubiri wiki nyingi, na ifikapo dirisha lake la tarehe huangukia mahali ambapo tarehe haipo. Wengine huikata miguu na kuigandisha sahani kwa gundi. Hufaulu kwa muda, lakini gundi katika joto letu hulegea, na sahani iliyotembea hata nusu milimita huigusa akrabu na kuisimamisha saa.

Sasa tufike katika kiini. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta, na kwa ajili hiyo mchana na usiku wake haupishani sana mwaka mzima. Jua halichomozi mapema sana kuliko saa kumi na mbili ya alfajiri, wala halichelewi zaidi ya kiasi cha dakika arobaini baada yake. Mtu akihesabu tokea macheo, hesabu yake ya Januari ni ile ile ya Julai, jambo lisilowezekana London, ambako jua la kiangazi huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na la kipupwe baada ya saa mbili asubuhi. Hesabu yetu kwa hiyo si mazoea yasiyo na asili, bali ni zao la mahali Mungu alipotuweka duniani, na Wahabeshi nao, ambao kama sisi hawako mbali na ikweta, huhesabu vivyo hivyo. Ile saa rasmi ya Afrika Mashariki, ambayo wengi huidhani kuwa ndiyo saa ya kweli na yetu kuwa ya mtaani, nayo si saa ya jua letu: imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ilhali Tanga iko penye nyuzi 39, na kwa hiyo jua la Tanga hufika utosini, kwa wastani wa mwaka, dakika 24 hivi baada ya saa sita mchana. Mapatano hayo ni mema na ya lazima kwa watu wanaosafiri na kufanya biashara, lakini ni mapatano, na mwenye kuadhini alijua siku zote kwamba adhuhuri haitafutwi katika saa ya ukutani bali katika kivuli.

Saa za mashine zilipoletwa, zilikuja na uso wa kwao. Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib ya Unguja mwaka 1883. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 ikaubomoa mnara uliokuwa mbele yake, na mwaka uliofuata mnara mpya wa saa ukaunganishwa na jumba lenyewe, ukadumu hadi ulipoporomoka pamoja na upande wa jumba hilo tarehe 25 Desemba 2020. Tanga nayo ilipata mnara wake wa saa zama za Wajerumani, karibu na bustani iitazamayo bandari, na ilikwisha kupata reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893, na mashamba ya mkonge, na pamoja na hayo kengele za kuingia kazini na firimbi za kutoka. Watu wakajifunza kuutazama uso wa kigeni bila ya kuiacha hesabu yao: akrabu fupi ikisimama juu ya 7, jicho huvuka sahani hadi ng'ambo ya pili, huiona 1, na ulimi ukasema saa moja. Hapa kuna neema ambayo hatuifikirii. Duara la saa kumi na mbili lina tabia kwamba tafauti ya saa sita ni ng'ambo ya pili tu, wala haihitaji hesabu; lakini saa ya tarakimu, mfano wa ile Casio F-91W iliyotoka mwaka 1989 na ambayo imejaa mikononi mwa vijana wetu, haina ng'ambo. Mwenye kuiona imeandikwa 7:00 hana budi kutoa sita kichwani. Saa yenye sahani na akrabu ni sahibu wa majira yetu kwa umbile lake, na hiyo ni sababu njema ya kuitengeneza na kuihifadhi.

Yamkini mtu akauliza: maadamu jicho limekwisha kuzoea kuvuka, kuna haja gani ya kubadili? Jawabu langu ni kwamba mazoea ya mtu mzima si hoja kwa mtoto. Mtoto wa Pangani husikia nyumbani saa moja, huona ukutani 7, na darasani hufundishwa kusoma uso ambao hausemi lile alilolisikia kwa mama yake. Huvuka salama, kweli, lakini huvuka akiwa amekwisha kufahamu kwamba chombo ni sahihi na lugha yake ndiyo yenye kujipinda. Hilo silikubali. Chombo kimeumbwa na watu, na watu wanaweza kukiumba tena.

Njia za kukiumba tena ni tatu, na kila moja ina tabia yake. Njia ya kwanza haitaki kufungua kitu: mwenye saa hukivuta kifundo na kuzipeleka akrabu mbele kwa saa sita, na tokea hapo saa ya magharibi inaonyesha 12 na ushei na ya isha inaonyesha karibu 1 na nusu. Lakini mashine yenye tarehe haijui kuwa tumeigeuza. Yenyewe hubadili tarehe akrabu zikutanapo juu, na juu sasa ni saa kumi na mbili ya jioni. Kwa mwenye kushika hesabu ya mwaka wa Kizungu hii ni kero, kwani jioni ya tarehe 4 saa yake imekwisha kusema 5. Kwa mwenye kushika hesabu ya wazee, ambao siku kwao huanza jua lituapo, na ambao usiku wa Ijumaa kwao ni ule utanguliao mchana wake, saa hiyo imepatana na itikadi yake pasipo mtu kuikusudia. Tena hapo kale katika nchi za Waturuki palikuwa na desturi ya kuirekebisha saa kila jioni ili saa kumi na mbili kamili iwe ndiyo magharibi. Sisi, kwa jua letu lisilotangatanga, hatulazimiki kuirekebisha. Mwenye kufuata njia hii akumbuke jambo moja: viwanda hukataza kuisogeza tarehe kwa mkono wakati magurudumu yake yameshikana, yaani tokea saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri kwa saa iliyopangwa kwa desturi; katika saa iliyogeuzwa, muda huo wa haramu huhamia baina ya saa tisa alasiri na saa nne usiku.

Njia ya pili ndiyo ya fundi wa nyumbani, nami nitaieleza kwa karibu. Kifuniko cha nyuma kikisha kufunguliwa, hubonyezwa kitundu kidogo kando ya kijiti cha kifundo, na kijiti hutoka chote. Mashine ikageuzwa polepole juu ya kitambaa kisicho na nyuzi, ikatoka pamoja na sahani yake, nayo hushikwa pembezoni tu, kwani alama ya kidole juu ya rangi nyeusi haifutiki bila kuacha athari. Juu ya sahani hulazwa kipande cha nailoni nyembamba kilichokatwa katikati, na juu yake vikongoleo viwili vidogo, kimoja kila upande, huingizwa chini ya akrabu na kukandamizwa kwa pamoja. Akrabu huchomoka kwa mruko, na nailoni huzizuia zisitoweke chini ya kabati. Kisha kijiti hurudishwa, na kifundo huzungushwa taratibu mbele hadi tarehe igeuke. Hapo ndipo mashine iliposema kuwa ni usiku wa manane. Mafundi wote duniani, wakifika hapo, huipachika akrabu ya saa ikitazama 12. Fundi wetu aipachike ikitazama 6, na ya dakika ikitazama 12. Basi. Saa hiyo sasa husema saa sita usiku ikiwa ni saa sita usiku, hubadili tarehe kama kalenda ya serikali itakavyo, husema moja asubuhi ikiwa saa moja, na hakikuongezwa kitu wala kununuliwa kitu. Linalobaki ni la ustadi wa mkono: akrabu zilingane sambamba pasi na kugusana, ya saa isimame juu ya alama yake kila ya dakika ifikapo juu, na ya nukta, ambayo kishikio chake ni chembamba kama unywele, ikandamizwe wima, kwa sababu ikiinama mara moja haitanyooka tena.

Ila ya njia hii ni kwamba saa imekuwa ya mwenyewe peke yake. Mwuguzi wa hospitali ya Bombo akiitazama kwa haraka, au msafiri ailinganishe na tiketi ya basi iliyoandikwa 6:00, atakosea kwa saa sita, na sahani isiyo na tarakimu bali vistari vitupu haitamwonya. Ndiyo maana mimi huiona njia ya tatu kuwa bora kuliko zote, ingawa ndiyo yenye gharama: akrabu ziachwe zilivyo, zikisimama pale zisimamapo akrabu za saa zote za duniani, na ibadilishwe sahani, iandikwe 6 juu na 12 chini, 9 upande wa kulia na 3 upande wa kushoto. Mgeni aliyezoea kusoma kwa mkao wa akrabu hapotei, na mtoto wetu husoma tarakimu ile ile aliyoisikia. Sahani hiyo huweza kuagizwa, au ikachorwa nyumbani kwa karatasi ya kuhamishia picha, ambayo hupigwa chapa, hulowekwa, hulazwa juu ya sahani iliyosafishwa na kupakwa vanishi nyembamba mara kadhaa. Dirisha la tarehe halihami. Linabaki upande wa kifundo, na jirani yake sasa ni 9.

Kwa asiyethubutu kufungua, kuna hila nzuri katika saa za wapiga mbizi. Pete ya nje izungukayo kwa kawaida imegawanywa dakika 60, lakini kibandiko chake hubanduliwa, na kingine chenye tarakimu 1 hadi 12 kikabandikwa. Pete ya SKX007 husogea vituo 120 katika mzunguko mmoja, hivyo vituo 60 huileta 12 ya pete juu ya 6 ya sahani, na tokea hapo akrabu moja husoma saa mbili, ya ndani kwa ofisi na ya nje kwa nyumbani. Na ile pete ya asili nayo mvuvi asiidharau, kwa kuwa maji hujaa na kupwa yakichelewa kila siku kiasi cha dakika hamsini, na alama iliyowekwa leo humkumbusha kesho.

Kuhusu tarakimu zenyewe, tumefungamana na Uarabuni kwa damu na kwa biashara, na saa nyingi zilizofika mwambaoni zilipitia Dubai na Maskati. Seiko 5 zilizotengenezewa masoko hayo huwa na gurudumu la siku lenye lugha mbili, Kiingereza na Kiarabu, na mojawapo, iitwayo SNKP21, ina sahani nyeusi yenye tarakimu za Kiarabu za mashariki, zile zile ambazo mababu walizitumia katika barua na hesabu zao za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sahani yake sasa imeigwa na warsha nyingi, na mwenye kuipenda hana haja ya kununua saa nzima. Kwangu mimi, sahani yenye tarakimu hizo zilizopangwa kwa majira yetu, 12 ikiwa chini, ndiyo ingekuwa saa ya Pwani kamili.

Uarabuni vilevile ndiko tupatako fundisho la thamani. Sultan Qaboos wa Oman, aliyetawala tokea 1970 hadi 2020, aliagiza saa za Rolex zenye nembo ya jambia juu ya sahani, kwa ajili ya kuwazawadia watu, na saa hizo leo hununuliwa kwa mali nyingi zaidi kuliko nyingine za namna ile ile zisizo na nembo. Mashine ni moja, kasha ni moja. Tafauti yote iko katika bamba la shaba lisilofika unene wa milimita moja. Basi mwenye saa ya marehemu babu yake, awe amefanya kazi Oman au Unguja, asiibadili sahani hata ikiwa na madoa, mpaka amwonyeshe ajuaye. Na akiibadili, ile ya zamani aifunge katika karatasi kavu na kuiweka pamoja na akrabu zake, kwa kuwa sahani iliyopakwa rangi upya haihesabiwi tena kuwa ya asili.

Na kutoka hapo hadi ghushi ni hatua moja. Katika sahani zinazouzwa zimo nyingi zilizoandikwa jina la kampuni ambayo haikuzitengeneza, na kijana huona si kitu kuitia saa yake ya bei ndogo jina kubwa. Kwa mkono wake mwenyewe ni udanganyifu mdogo. Akiiuza, ni udanganyifu kamili, na Tanzania ina sheria ya alama za bidhaa ya mwaka 1963 ambayo Tume ya Ushindani huisimamia. Heri sahani tupu isiyo na jina. Waliofika mbali katika sanaa hii wengi wao hupendelea hivyo, na nawasifu.

Hatari ya mwili ipo moja, nayo si ndogo. Saa kongwe, hasa za zama za vita na za kabla ya miaka ya 1960, zilitiwa rangi ya radiamu ili zing'ae gizani. Huko Marekani, katika mji wa Orange jimbo la New Jersey, wasichana waliopaka sahani hizo tokea 1917 walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo yao, na wengi wakaoza mataya na kufa. Mng'ao wa rangi hiyo hufifia baada ya miaka michache, lakini sumu haifi, kwani radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Madhali imefunikwa na kioo haimdhuru mvaaji kwa kiasi cha kutisha. Ikifunguliwa, vumbi lake huvutwa pumuzini na kukaa mifupani. Saa kuukuu yenye alama nene za rangi ya kahawia, ambazo hazing'ai tena, isifunguliwe mezani nyumbani, wala isikwanguliwe kwa kisu, wala isipewe watoto. Rangi za sasa hazina madhara hayo.

Mwisho ni suala la nani afanye nini. Kubadili sahani na akrabu mtu mwenye subira ataweza, akianza na saa ambayo hataililia. Kusafisha mashine na kuitia mafuta mapya amwachie fundi. Na kuzuia maji kusifanywe kwa kukisia, kwa sababu saa iliyofunguliwa, hata iwe imeandikwa mita 200, haina mita hata moja mpaka mipira yake itiwe mipya, ipakwe mafuta ya silikoni, na ipimwe kwa chombo cha mgandamizo. Asiye na chombo hicho aivue kabla ya kuoga. Na siku ya kuifunga aichague: hewa iliyomo chumbani ndiyo itakayofungiwa chini ya kioo, na saa iliyofungwa alasiri ya masika, mvua ikinyesha, itafanya ukungu kila itakapoguswa na maji ya baridi, ilhali iliyofungwa mchana mkavu wa kusi itabaki safi, mradi mipira yake ni mizima.